Mtoto analia akiguswa, na mguu umeacha kurusha: damu inapovuja ndani ya mgongo wa mtoto mchanga

SWALI: Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Tandahimba. Mtoto wa dada yangu, wa kiume, akiwa na miezi minane alianza kulia usiku na mchana, hataki kubebwa. Tukaambiwa ni mchango, baadaye tukaambiwa malaria na akapewa dawa. Siku ya nne miguu ikalegea kabisa. Alifikishwa Dar es Salaam, wakaona damu imeganda ndani ya mgongo na inakandamiza uti wa mgongo, kisha wakapima na kusema ana hemofilia. Sasa anakaa mwenyewe, lakini kutembea bado. Mimi nina mtoto wa kiume wa miezi minne. Mjomba wetu, kaka yake mama, alifariki jandoni kwa kutokwa na damu, na hilo tulilijua siku zote ila hatukulihusisha. Je, kuna dalili ambazo tungeziona mapema? Mwanangu naye yumo hatarini? Na nikifika hospitali na mtoto wa namna hiyo, niseme nini ili wanielewe?

JIBU: Marahaba, dada. Poleni sana nyumbani, na mpe pole dada yako. Umeuliza mambo matatu, nami naanza na la katikati, kwa sababu mwanao ni mzima leo na nafasi ya kumlinda ipo.

Hemofilia ni upungufu wa moja kati ya protini zinazogandisha damu, ambazo tunaziita fakta. Ikipungua fakta 8 tunaiita hemofilia A, ikipungua fakta 9 tunaiita B. Aina ya A humpata takriban mtoto mmoja kati ya watoto wa kiume 5,000 wanaozaliwa, na B ni adimu zaidi. Kasoro yenyewe imekaa kwenye kromosomu ya X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama yake tu. Mwanamke mwenye kasoro hiyo kwenye X moja huwa na X nyingine nzima inayomsaidia, hivyo anaweza kuishi hadi uzee bila kujua kwamba ameibeba, huku akiirithisha.

Sasa ipange familia yako. Kama mjomba wenu alikuwa nayo, basi bibi yenu mzaa mama aliibeba. Dada yako amezaa mtoto mwenye hemofilia, maana yake naye ameibeba, na njia iliyompitia ni mama yenu. Wewe umezaliwa na mama huyo huyo: uwezekano wako wa kuibeba ni nusu kwa nusu. Na kama umeibeba, kila mtoto wa kiume unayemzaa ana nusu nyingine ya kuipata. Kwa hiyo kabla ya kipimo chochote, mwanao ana uwezekano wa robo. Ni kubwa mno kuachwa hivi hivi. Mpeleke apimwe wiki hii, akiwa mzima, mchana, bila haraka. Nitaeleza mbele ni vipimo gani.

Hapa Kusini tuna bahati moja ambayo sisi madaktari hatuitumii vya kutosha. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti katika maisha ya mtoto. Ugonjwa huu unapita njia hiyo hiyo. Mimi ninapompokea mtoto wa kiume mwenye damu iliyovilia mahali pasipoeleweka, humwomba bibi akae nami dakika chache anihesabie ndugu zake wa kiume na watoto wa kiume wa dada zake: yupi alitokwa damu sana jandoni, yupi alikatwa kimeo akakaribia kufa, yupi aling'olewa jino akalala na kitambaa mdomoni siku mbili, yupi magoti yalikuwa yakivimba utotoni mpaka akawa mlemavu wa mguu. Majibu hayo hayatoki kwenye mashine yoyote. Mjomba wenu aliyefia jandoni ndiye dalili ya kwanza iliyokuwepo, miaka mingi kabla mtoto wa dada yako hajazaliwa. Sikuambii hivyo kuwalaumu; hakuna aliyewahi kuwauliza. Nakuambia ili kuanzia sasa msingoje kuulizwa.

Lakini msomaji mwingine asije akasema, "wajomba zetu wote wazima, basi sisi hatuhusiki." Karibu theluthi moja ya watoto wenye hemofilia wanazaliwa katika familia ambayo haijawahi kuwa nayo, kwa sababu kasoro hujitokeza upya.

Nije kwenye mgongo. Uti wa mgongo ndio mkondo wa mishipa ya fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo, na umefungwa kwa utando mgumu, kisha ukalindwa na mifupa ya pingili. Kati ya utando na mfupa kuna nafasi nyembamba iliyojaa vishipa laini vya damu. Kimoja kikipasuka kwa mtoto ambaye damu yake haigandi, damu hutambaa polepole katika nafasi hiyo, na kwa watoto wachanga yaweza kusambaa pingili nyingi, kutoka shingoni hadi kiunoni. Paja likivia damu linavimba, mama analiona na kulishika. Ndani ya mgongo hakuna uvimbe wa kuona wala wekundu wa kuonyesha jirani. Mfupa hautanuki, hivyo kinachosukumwa ni uti wenyewe.

Na haihitaji ajali. Kwa mtoto wa hemofilia, kujipinda tu anapojifunza kukaa, kuanguka kitako kwenye mkeka, au kurushwa rushwa juu na kaka yake kwa mchezo kunatosha. Mara nyingine hakuna lolote linalokumbukwa. Hili nalisisitiza kwa sababu ya jambo ninaloliona kwenye familia: mtoto akilegea, watu wanamtafuta mtu. Binti wa miaka tisa aliyekuwa akimbeba mdogo wake mgongoni wakati wakubwa wako shambani kuokota korosho anabandikwa lawama kwamba alimwangusha. Au anatajwa mtu wa jirani. Msifanye hivyo kwa yule binti. Ni kweli kwamba mtoto mchanga mwenye michubuko lazima daktari aulize pia kama kuna anayemtikisa au kumpiga, na wazazi wasikasirike tukiuliza. Lakini damu ipimwe kwanza kabla mtu hajahukumiwa.

Dalili. Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo ulilouliza hasa.

Ya kwanza karibu siku zote ni maumivu, na mtoto wa miezi minane hana namna ya kusema "mgongo unauma." Analia. Ila kilio hiki kina tabia yake. Mtoto mwenye tumbo au usingizi ukimbeba hunyamaza, angalau kwa muda. Huyu ukimwinua ndipo analia zaidi. Ukimlaza ametulia, ukimshika kwapani kumnyanyua anapiga ukelele. Ukimkunja miguu kumbadilisha nepi anapiga ukelele. Ukimfunga mbeleko anajikakamua. Baada ya siku moja au mbili anajifunza kwamba kutotikisika ndiko kunakompunguzia maumivu, basi analala kimya ametoa macho, na watu wanasema "afadhali leo ametulia." Utulivu huo unanitisha kuliko kilio. Uliandika kwamba mtoto wa dada yako alikuwa hataki kubebwa. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili, na ilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Sambamba na hilo, tazama shingo. Damu nyingi za namna hii kwa watoto huanzia sehemu ya shingo na juu ya kifua. Mtoto anaweza kuinamisha kichwa upande mmoja, au kukaza shingo asitake kugeuka hata ukimwita kwa njuga. Hapo ndipo anapopelekwa kuchuliwa, kwa kudhaniwa kwamba shingo imeteguka alipolala vibaya. Naomba sana: shingo ya mtoto mchanga iliyokaza ghafla isichuliwe, isivutwe, isipakwe dawa na kunyooshwa. Kama ndani kuna damu, mikono ya fundi inaongeza kuvuja.

Kisha vinafuata viungo. Huchukua saa kadhaa, au siku, na si lazima vilegee vyote kwa pamoja. Hapa mama anaweza kufanya uchunguzi mzuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa anamjua mtoto wake jana alikuwaje. Mlaze chali kwenye mkeka penye mwanga, mvue nepi, kisha kaa pembeni usimguse kwa muda. Mtoto mzima wa miezi minne au minane hurusha miguu yote miwili kama anayekanyaga baiskeli, na mikono haitulii. Tazama kama mguu mmoja umebaki nyuma, kama magoti yamefunguka na kulala ubavu ubavu, kama mkono mmoja haufiki mdomoni ilhali jana ulifika. Halafu mtekenye wayo, kila mmoja kwa zamu. Minya kidole cha mguu kidogo tu. Na hapa kuna kitu ambacho hata wahudumu wa afya hukikosa: usitazame mguu peke yake, tazama na uso. Mguu unaweza kujivuta wenyewe kwa msukumo wa chini ya uti hata kama taarifa ya maumivu haifiki kwenye ubongo. Mtoto anayevuta mguu lakini uso hauna habari, hakunji sura wala halii, huyo ana tatizo kwenye uti.

Kwa mtoto aliyekwisha kuanza kukaa, msimamishe kidogo ukimshika mwilini. Aliyekuwa akisukuma sakafu kwa miguu na leo anakunja au anaiacha inaning'inia, amerudi nyuma. Aliyekuwa anakaa na leo anaangukia ubavu, vivyo hivyo. Mtoto mchanga anapopoteza kitu alichokwisha kujifunza, hakuna sababu nyepesi ya hilo, wala usikubali kuambiwa "atachangamka."

Nepi nayo inasema. Uti ukibanwa, kibofu hakipati amri. Nepi inakaa kavu saa nyingi, tumbo la chini ya kitovu linakuwa gumu na duara, mwishowe mkojo unachuruzika kidogo kidogo bila kukoma. Choo kinaweza kufunga. Mama anaponiambia mtoto "hajakojoa tangu alfajiri" na tuko saa tisa alasiri, naweka kalamu chini.

Damu ikiwa juu shingoni, pumzi zinabadilika. Misuli ya mbavu inachoka na kazi inabaki kwa kiwambo cha tumbo peke yake: tumbo linapanda, kifua kinabonyea ndani kila anapovuta hewa, na sauti ya kilio inakuwa nyembamba, haina nguvu. Huyo hangoji gari la asubuhi.

Homa? Mara nyingi haipo, au ni ndogo. Kutapika kunaweza kuwepo. Utosi uliovimba na mtoto kusinzia kupita kiasi vinaelekeza zaidi kwenye damu ndani ya kichwa, ambayo kwa watoto wa hemofilia hutokea mara nyingi zaidi kuliko ya mgongo, na ni dharura ile ile.

Utaona kwa nini ilipita. Kila dalili kati ya hizo ina maelezo mengine ya kawaida zaidi. Kilio cha usiku kina mchango. Na malaria ndiyo mtego mkubwa katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi, kwa kuwa vimelea viko vingi: kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha malaria kweli kwa mtoto ambaye kinachomliza ni kitu kingine. Mtoto atibiwe malaria yake, sawa, lakini malaria haielezi mguu mmoja kulegea wala kilio cha kuguswa mgongo. Shingo iliyokaza inaelekeza kwenye homa ya uti wa mgongo, na daktari ana haki ya kuihofia, kwa kuwa inaua haraka na ni ya kawaida zaidi kuliko ninachokieleza hapa. Viungo vilivyolegea ghafla vinaelekeza kwenye polio, ndiyo maana kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea ghafla huripotiwa na kuchukuliwa sampuli mbili za kinyesi. Hilo lifanyike. Kosa ni kuripoti kisha kukaa kungoja majibu ya kinyesi, wakati mgongo haujapigwa picha.

Ukiniuliza mimi ni lipi la kushika kichwani kati ya yote hayo, nitakuambia mkusanyiko huu: mtoto anayelia zaidi akitikiswa, pamoja na badiliko lolote la mkono, mguu, mkojo au pumzi. Viwili hivyo vikikutana, ni hospitali saa hiyo hiyo. Na kwa familia yako, dada, usingoje cha pili. Mtoto wa kiume wa ukoo wenye hemofilia, mwenye kilio kisichoeleweka na asiyetaka kuguswa, hata kama miguu inarusha vizuri, aende. Muda ule kabla mguu haujalegea ndio wenye thamani. Uti uliobanwa ukifunguliwa mapema, ndani ya saa, una nafasi nzuri ya kurudi; ukikaa umebanwa kwa siku, sehemu yake haifufuki.

Safari yenyewe ina namna yake. Usimfunge mgongoni. Usipande naye bodaboda ukambana katikati. Tafuta bajaji au gari, mlaze bapa mapajani au kwenye godoro dogo, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja, na mtu mmoja awe na kazi ya kushikilia kichwa kisiyumbe. Mnyonyeshe akiwa amelala hivyo hivyo ikiwa anapumua vizuri. Ukimpa dawa ya maumivu iwe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Asipewe diklofenaki, aibuprofeni wala aspirini, hizo zinazidisha kutoka damu.

Ukifika, usianze na historia ndefu. Waganga wetu wana foleni, na maneno ya mwanzo ndiyo yanayoamua uketishwe wapi. Sema hivi: "Mtoto wangu ni wa kiume, mtoto wa dada yangu ana hemofilia na mjomba wetu alifariki kwa kutokwa damu. Analia akiguswa mgongo tangu jana, na leo mguu wa kushoto haurushi. Naomba asichomwe sindano ya mgongo wala ya msuli mpaka damu yake ipimwe kama inaganda." Badilisha mguu na siku kulingana na unachokiona. Liandike hilo nyuma ya kadi ya kliniki leo, kwa mwandiko mkubwa, kwa sababu siku ya tukio pengine si wewe utakayempeleka. Huenda akawa bibi.

Kwa nini sindano ya mgongo? Mtoto mwenye shingo ngumu kwa kawaida huchomwa mgongoni kutoa maji ya kupima homa ya uti wa mgongo. Ni kipimo kizuri na kimeokoa wengi. Ila kwa mtoto ambaye damu haigandi, sindano ile ile inaweza kuanzisha damu ndani ya mgongo au kuongeza iliyopo. Akihofiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, aanzishiwe antibayotiki kwenye mshipa bila kuchelewa na sindano ya mgongo ingoje. Hakuna anayepoteza kitu kwa mpango huo.

Wahudumu wenzangu wanaosoma hapa wa zahanati na vituo vya afya, nawaongezea kidogo. Kipimo cha kuweka damu kwenye kichupa cha kioo kwa dakika 20, mnachokitumia kwa aliyeumwa na nyoka, kikionyesha damu haijaganda kinatosha kuwashtua. Kikionyesha imeganda, hakiondoi hemofilia. Mkiwa na maabara kubwa zaidi, pimeni PT na aPTT, vipimo viwili vya muda ambao damu huchukua kuganda, na hesabu ya chembe sahani (platelets). Kwenye hemofilia, aPTT ndiyo inayorefuka, huku PT na chembe sahani zikiwa sawa. Kumbukeni kwamba aPTT ya mtoto mchanga kwa asili ni ndefu kuliko ya mtu mzima, hivyo jibu lisomwe kwa umri wake, na fakta 8 na 9 ndizo zinazomaliza ubishi. Damu itolewe kwenye mshipa wa mkono, si wa shingo wala wa kinena, kisha pabanwe kwa dakika kumi kamili.

Kisha kuna mpangilio ambao naona unageuzwa mara kwa mara: watu wanatafuta picha kwanza, tiba baadaye. Kwa mtoto ambaye hemofilia yake inajulikana, tiba hutangulia picha. Fakta iingie kwenye mshipa, ndipo apelekwe kwenye mashine. Kwa fakta 8, uniti moja kwa kila kilo hupandisha kiwango kwa karibu asilimia 2, kwa hiyo uniti 50 kwa kilo zinakifikisha karibu asilimia 100, ambacho ndicho tunachokitaka damu ikiwa kwenye uti au ubongo. Mtoto wa kilo 6 anahitaji uniti 300 za kuanzia. Fakta 9 inahitaji takriban mara mbili ya hapo. Wala haitoshi mara moja: fakta 8 inapungua kwa nusu ndani ya saa 8 hadi 12, na kwa wachanga upesi zaidi, hivyo inarudiwa kwa siku nyingi. Pasipo na fakta, kraiyo (cryoprecipitate, zao la damu ya wachangiaji) husaidia mwenye hemofilia A, kwa sababu ina fakta 8, lakini haimsaidii wa B. Utegili (maji ya damu yasiyo na chembe, yaani plazma) ulioganda kwa baridi una zote mbili kwa kiasi kidogo, na ndio wa kushika kama aina haijajulikana.

Picha iliyo bora ni ya MRI, mashine ya sumaku inayoonyesha uti wenyewe. CT, ile ya eksirei, inaweza kuionyesha damu, lakini ikitoka safi haitoshi kusema hakuna. Upasuaji wa kuondoa damu ni kazi ya madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, na ikibidi rufaa ni Muhimbili na Taasisi ya Mifupa MOI. Si kila mtoto anapasuliwa. Mwenye hemofilia aliyepata fakta mapema na viungo vyake vinashika anaweza kupona kwa fakta peke yake, akiangaliwa kila saa. Anayezidi kulegea au kushindwa kupumua hapo ndipo kisu kinahitajika, na fakta ikiwa imetangulia. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550 kwa barabara. Mtoto asitiwe kwenye gari la wagonjwa kwa safari hiyo bila kupata fakta au angalau utegili, na anayempokea aambiwe kwa simu kabla gari halijaondoka.

Nirudi kwa mwanao. Huhitaji kuanzia Dar. Anza hospitali ya wilaya ukiwa na majina ya vipimo nilivyoandika. Wakikosa, nenda hospitali ya mkoa ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, au hospitali ya Ndanda ikiwa ndiyo njia yenu, uombe rufaa ya damu yake au yeye mwenyewe kwenda kliniki ya hemofilia Muhimbili. Mtoto wa dada yako ana faili huko. Namba ya faili hilo na aina ya hemofilia yake viandikwe, ukabidhi pamoja na ombi. Wakijua ni A au B wanajua moja kwa moja fakta ipi wapime kwa mwanao. Fakta 8 huwa ya kawaida tangu kuzaliwa, hivyo jibu lake la leo linaaminika. Fakta 9 kwa wachanga wote iko chini kidogo mpaka karibu na miezi sita, kwa hiyo kama ukoo wenu ni B na jibu likawa la kati, litarudiwa. Kiwango cha chini ya asilimia 1 ndicho hemofilia kali, na hicho hakifichiki katika umri wowote.

Fikiria pia chanjo alizokwisha kupata za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Je, paja lilivimba likawa gumu na la rangi ya zambarau kwa siku nyingi? Je, ana madoa ya damu iliyovilia kifuani au mbavuni, pale unapomshikia? Kama yapo, mwambie daktari. Kama hayapo usijipe uhakika, maana wengi huanza kuonyesha wanapotambaa. Chanjo zilizobaki asikose. Ya surua na rubella ya miezi 9 huchomwa chini ya ngozi, na nyingine zozote zinaweza kuchomwa kwa sindano nyembamba na kubanwa dakika kumi.

Tohara ingoje majibu. Najua katika nyumba nyingi za pwani mtoto wa kiume hutahiriwa akiwa mdogo, na wengine hungoja jando. Yote mawili yanawezekana hata kwa mwenye hemofilia, hospitalini, akiwa amepewa fakta. Asiingizwe kwa ngariba kabla ya kipimo. Vivyo hivyo kimeo kisikatwe, na fizi zisichokolewe kwa kisingizio cha meno ya plastiki.

Kuna jambo moja ambalo halihusiani na ukoo wenu, na linawahusu hata watoto wa kike. Mtoto wa chini ya miezi sita anaweza kutokwa damu ndani, mara nyingi kichwani na mara chache mgongoni, kwa kukosa vitamini K. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini K kidogo sana, ndiyo maana mtoto huchomwa miligramu 1 pajani mara anapozaliwa. Aliyezaliwa nyumbani au njiani huenda hakuipata. Walio hatarini zaidi ni wale ambao mama alikuwa akimeza dawa za kifafa au za kifua kikuu wakati wa ujauzito, na wale wenye macho ya njano yanayozidi wiki mbili huku choo chao kikiwa cheupe. Uliza kama mwanao alichomwa. Kama hakuchomwa, ni miezi minne tu, bado anastahili kupewa. Kwa hali yenu aipate kwa njia ambayo daktari ataichagua baada ya kupima damu.

Na mtoto wa dada yako. Kukaa mwenyewe baada ya miguu kulegea kabisa ni hatua kubwa, na watoto wadogo wanaendelea kurudisha nguvu kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Asikose mazoezi ya viungo, ila mtaalamu wa mazoezi ajue ana hemofilia ili asimnyooshe kwa nguvu. Muulizeni daktari wa Muhimbili kuhusu fakta ya kuzuia, ile anayopewa kwa ratiba hata kama hatoki damu. Aliyewahi kutoka damu kwenye uti anaistahili mbele ya wengine. Kibofu chake kiangaliwe, kwa sababu kisipotoa mkojo wote kinaleta maambukizi yanayoharibu figo kimyakimya. Chama cha Hemofilia Tanzania kinaunganisha familia zenye watoto wa namna hii, na kwa dada yako kukaa na mama mwingine aliyepitia haya kutamfaa.

Wewe na dada zako wengine mnaweza pia kupimwa fakta zenu kabla ya uzazi ujao, maana mwanamke anayeibeba huweza mwenyewe kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, na mtoto wake wa kiume hazalishwi kwa kuvutwa na vifaa. Hudhurio la kwanza la kliniki ndipo pa kulisema hilo.

Majibu ya mwanao yakitoka, niandikie kiwango cha fakta, tarehe ya kipimo na umri wake siku hiyo, nami nitakueleza yanamaanisha nini na hatua inayofuata ifanyike wapi.